Gari Lililosahau Kila Asubuhi

Mmenisumbua tangu siku ile ya keki ya kuniaga gerejini: "Mama Zuhura, andika, wewe umeona mengi." Haya, naandika. Msitegemee kusoma nilipandishwa cheo lini wala nani alininyima, maana hayo hata mimi yananichosha. Nitaandika mambo ya kazi, yaleyale niliyokuwa nikiwaambia nikiwa chini ya gari na nyinyi mmeziba masikio kwa vile vidude vyenu vya muziki.

Nilifika gereji yetu pale Richfield mwezi wa Januari, nina cheti cha ufundi cha Tanga, kingine cha chuo cha hapa Minneapolis, na makoti mawili ambayo niliyavaa kwa pamoja. Kule nyumbani nilizoea injini ya kusikiliza. Unagusisha bisibisi kwenye injini, unaweka sikio kwenye mpini, unajua kinacholia ni nini. Hapa siku ya kwanza nilipewa skana, kimashine cha kuchomeka chini ya usukani, ikanitolea namba. Nikauliza, "Sasa hii namba ndiyo ugonjwa wenyewe?" Arvid akacheka mpaka akavua miwani.

Arvid ndiye aliyenifundisha kazi. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mzee wa Anoka, mji wa hapo kaskazini, mrefu, mkimya, anakula mkate wa aina ileile kila mchana miaka nenda miaka rudi. Aliniambia ile namba ni malalamiko tu. Gari likilalamika kwamba linavuta hewa nyingi, halikwambii hewa inaingilia wapi. Fundi mvivu anasoma namba, anaagiza kifaa, anakifunga, anafuta taa ya injini, halafu anamwachia Mungu. Yeye Arvid alikuwa na swali moja kwa kila gari: "Jana lilifanya nini?" Lililala wapi, liliendeshwa na nani, lilijazwa mafuta lini. Mwanzoni niliona ni umbeya. Lakini mimi ni mwanamke wa Tanga, umbeya sifundishwi na mtu, kwa hiyo swali lile nililishika upesi kuliko wenzangu wote.

Ile taa ya injini, ya manjano, mnajua watu wa hapa wanavyoichukulia. Zamani jimbo hili lilikuwa na vituo vya kupima moshi wa magari. Arvid alivikumbuka vizuri, vilifungwa kabla mimi sijafika. Tangu hapo taa ikiwaka mtu anaizoea tu. Nimewahi kukuta taa imefunikwa kwa plasta ya kidonda. Bibi mmoja wa kanisani alibandika juu yake picha ndogo ya mjukuu wake, nami nilipoibandua ili nione, akaniuliza nimemkosea nini mtoto. Kwa hiyo katika miaka yangu yote, wateja waliokuja wakiwa na haja ya kweli ya kuzima taa walikuwa wale wanaohama. Ukihamia mahali wanakopima moshi, taa ikiwaka unafeli, bila kufaulu hawakupi namba za gari za huko, na bila namba hizo huna gari.

Ndivyo alivyokuja Moraa.

Moraa alikuwa nesi, Mkenya wa Kisii, amefanya kazi hospitali moja ya hapa miaka sita. Alikuwa amepata kazi Milwaukee ya kuwatembelea wagonjwa majumbani, kazi aliyoitafuta muda mrefu kwa sababu ni ya mchana, na kazi yenyewe inataka gari lililosajiliwa kule. Alikuwa na mwezi mmoja kabla ya kazi kuanza. Alikuja na gari lake dogo la kijivu, la zamani, taa inawaka. Nyuma yake alikuja baba yake, Mzee Ombati, aliyekuwa amefika kutoka Kenya miezi miwili nyuma kukaa naye, na ambaye angehama naye pia.

Mzee aliingia, akatazama gereji yote, akaniuliza, "Fundi yuko wapi?"

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Fundi ndiye mimi."

"Marahaba." Akanitazama tena, mikono kwanza, kisha uso. "Haya. Mikono ni ya fundi."

Nikampa kiti karibu na hita, nikampa chai, nikamwambia apumzike. Kumbukeni hapo, nitawaeleza baadaye nilivyojuta.

Tatizo lenyewe halikunichukua nusu siku. Namba ilisema mvuke wa petroli unavuja kidogo mahali fulani. Kifuniko cha tangi kilikuwa kizima, mpira wake haujapasuka. Nikaunganisha mashine ya moshi, ile inayojaza moshi mweupe kwenye mabomba ili uone unakotokea, nikazima taa za juu, nikashika tochi. Ukaanza kutoka taratibu nyuma ya gurudumu, kwenye bomba la kujazia mafuta, pale matope na chumvi ya barabarani hukaa msimu mzima. Bomba lilikuwa limeliwa na kutu mpaka unaweza kuingiza kalamu. Napenda sana wakati ule moshi unapojitokeza. Kwa miaka yote haujawahi kunichosha. Nikabadilisha bomba, nikapima tena, safi. Nikafuta taa.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo wateja hawaielewi, na wengine wenu pia, msijifanye. Ukifuta taa, umefuta na kumbukumbu. Gari lina vipimo vyake ambavyo hujipima lenyewe likiwa barabarani, na likimaliza kimoja linaandika kwamba kimekamilika. Kule kituoni wanaangalia taa, ndiyo, lakini pia wanaangalia kama vipimo vimekamilika, ili watu wasifute taa nje ya geti na kuingia wanachekacheka. Vipimo vingine huisha upesi. Vingine vina madaha. Kipimo cha mvuke wa tangi kwenye gari lile kilitaka lilale limezimwa mpaka lipoe kabisa, liamke likiwa baridi, tangi lisijae wala lisiwe tupu, na hayo asubuhi mbili mfululizo. Nikamwambia Moraa, "Endesha wiki nzima kama kawaida, litajipima."

Akaendesha wiki nzima. Akaomba ruhusa kazini, wakaondoka alfajiri yeye na baba yake, saa tano na zaidi za barabara mpaka Milwaukee. Mchana akanipigia simu.

"Auntie, wamenirudisha. Wanasema hii gari haiko ready."

"Taa imewaka?"

"Haijawaka! Si wewe ulisema imepona?"

Nilisema, ni kweli. Akalirudisha kesho yake. Nikachomeka skana: vipimo viwili, cha mvuke na kingine, vitupu kabisa. Nikamuuliza kama kuna mtu amelifuta kwa kile kidude cha kufutia taa ambacho kila kijana siku hizi anacho. Hakuna. Betri imewahi kuzima? Haijawahi. Nikaona labda hakuwa na bahati ya hali ya hewa, nikampa wiki nyingine. Mzee Ombati alikuwa pale kwenye kiti. Nikamwamkia, nikampa chai, nikamwambia apumzike.

Wiki ya pili nikachomeka tena skana, yaleyale. Moraa safari hii hakunikemea. Akasema tu, "Auntie, hiyo kazi watampea mtu mwingine. Mkataba wa nyumba hapa unaisha, hospitali nimeshawapea notisi. Niko na hii gari na Baba, basi."

Nikawaza kompyuta ya gari imekufa. Nilikuwa nimeshika simu niagize nyingine, haki ya Mungu, mimi niliyewasema mafundi wavivu. Arvid wakati huo alikuwa ameshastaafu, lakini nikajiuliza kwa sauti yake, kwa Kiingereza chake cha polepole: jana lilifanya nini? Nikamwomba Moraa aniachie gari siku mbili, nikampa langu. Likalala kwetu. Asubuhi nikaliwasha, nikaliacha lingurume, nikatoka nalo barabara kuu kwa mwendo mmoja hadi karibu na Anoka na kurudi. Asubuhi ya pili, vilevile. Vipimo vyote vikakamilika, kimoja baada ya kingine, kama mtoto mwenye adabu.

Nilifurahi dakika kumi hivi. Moraa akalichukua jioni. Kesho yake mchana, kabla hajafunga safari, nikamwambia apitie nihakikishe. Vitupu!

Jamani. Sasa nilishikwa na hamu, siwafichi. Hasira ilikuwepo, aibu ilikuwepo, lakini hamu ilizidi. Gari likilala kwangu linakumbuka, likilala kwake linasahau. Nikafungua boneti, na safari hii sikutafuta kilichoharibika. Nilitazama tu. Kila nati mle ndani ilikuwa na kutu au unga mweupe wa chumvi, kama magari yote ya huku. Nati moja tu ilikuwa inang'aa: ile inayobana waya wa hasi wa betri. Ilikuwa safi kama kufuli la mlango wa duka, la kufunguliwa kila siku. Nikamuuliza Moraa saa ya kwenye redio mbona inasoma saa ya ajabu.

"Hiyo saa ilikufa kitambo."

"Kitambo gani?"

Akafikiri. "Tangu... sijui. Ilikuwa inafanya kazi kabla ya hii baridi."

"Nani mwingine hugusa gari hili?"

"Hakuna. Baba tu, asubuhi ananipashia moto. Anaamka saa kumi na moja, nikishuka napata gari iko na joto."

Sote wawili tukageuka. Mzee Ombati alikuwa pale kwenye kiti chake, na kikombe changu cha chai mkononi. Wiki tatu. Alikaa pale mara nne, mtu aliyeendesha lori la chai kutoka Kisii mpaka Mombasa miaka thelathini, nami nilimuuliza kila mtu na kila waya, isipokuwa yeye. Nilimheshimu. Mtu mzima humhoji, unamkalisha. Loh! Heshima ile ilitaka kumkosesha binti kazi.

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake. Sikutaka kumuuliza kama mtuhumiwa. Nikamuuliza kama fundi anavyomuuliza dereva.

"Mzee, siku zile za lori, ukiegesha usiku ulikuwa unafanya nini?"

Uso wake ukafunguka. Tangu nimjue sikuwahi kumwona hivyo. "Kwanza mawe, nyuma ya tairi. Halafu natembea nikigonga tairi zote, naskiza. Halafu betri. Natoa terminal, ule waya wa hasi. Ukiacha terminal, asubuhi betri imekufa ama mtu ameondoka na lori."

"Na hapa?"

"Hapa ndiyo zaidi! Na hii baridi?" Akaingiza mkono kwenye koti akatoa spana namba kumi, imesuguliwa na miaka mpaka namba yenyewe haisomeki. Alikuja nayo kutoka Kisii. "Jioni natoa, asubuhi narudisha. Tangu baridi ikuwe kali, ile wiki ulitengeneza gari, betri ya huyu mtoto haijawahi kulala njaa."

Kutoa ule waya ni sawasawa na kufuta kila kitu. Kila jioni gari lilikuwa linafutwa kumbukumbu, kwa upendo.

Moraa alilipuka. "Baba! Woi, Baba! Ni wewe? Wiki tatu! Mbona hukusema?"

"Hakuna mtu aliniuliza," mzee akasema.

Kisha nikaona anavyoelewa, pole pole, kwamba kule Milwaukee walirudishwa kwa sababu yake, na machozi ya binti yake jikoni ni kwa sababu yake. Akaiangalia ile spana. Akaiweka juu ya meza yangu, taratibu, akaisukuma upande wangu. Akamwambia Moraa, "Nitafutie tiketi nirudi nyumbani. Nilikuja kukusaidia, sasa ona."

Moraa akashika kichwa. Nilimwona anataka kusema kitu, na hasira haijamtoka, na huruma imeshaingia, vikabanana mlangoni. Akatoka nje.

Ilikuwa Jumatano. Kazi ilikuwa inaanza Jumatatu, kituo cha moshi kilikuwa wazi Jumamosi asubuhi. Nikahesabu: gari lilale Jumatano na Alhamisi bila kuguswa, lijipime Alhamisi na Ijumaa asubuhi, waondoke Ijumaa mchana. Usiku wa Ijumaa walale Milwaukee, nao bila kuguswa. Ningeweza kulizuia gari gerejini tena, ndilo lililokuwa jambo la uhakika. Nikataka kulizuia. Nikamtazama mzee, nikabadili mawazo, na nawaambia ukweli, sikuwa na uhakika kama nafanya ufundi au nafanya huruma.

"Mzee," nikamwambia, "chukua spana yako. Namba kumi haiachwi kwa fundi, hutaiona tena."

Akairudisha kwenye koti.

"Nina kazi na mimi sina mtu. Nataka gari lilale kwenu, lisiguswe. Asubuhi kabla ya kuliwasha nataka mtu aniandikie: saa ngapi, baridi kiasi gani, mafuta yako wapi kwenye geji. Halafu mimi nitakuja, nitaendesha, na mtu akae pembeni anisomee skana. Moraa yuko kazini. Utaweza?"

"Na betri?"

"Betri iache. Hapo ndipo pagumu."

Akafikiri sana. "Kwa hivyo kazi yangu ni kuacha."

"Usiku, ndiyo."

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta amesimama kando ya gari na karatasi, mwandiko wa shule za zamani, herufi zote zimesimama wima. Saa, nyuzi za baridi, robo tatu ya tangi. Macho mekundu. Nikamuuliza kama amelala. "Nimelala na viatu," akasema. Tukatoka. Nikikanyaga mafuta zaidi kidogo ananiambia, "Pole pole, Mama, kwani umebeba moto?" Nikishika breki ananitazama kwa namna ya kunilaumu. Skana ilitaka mwendo mmoja usiobadilika, na kwa hilo sijawahi kuwa na mwalimu bora, Arvid anisamehe. Tukikaribia daraja la Anoka akasema kwa mshangao, "Hapa imeandika kitu. Hii ya pili. Imekubali!" Cha mvuke bado.

Ijumaa asubuhi karatasi ilikuwa tayari tena. Tukaendesha. Mzee alikishika kile kimashine kwa mikono miwili, hakutazama nje hata mara moja. Tulipokuwa tunarudi, karibu na uwanja wa ndege, akanigeuzia kioo cha skana nione. Vyote. Akaniuliza, "Sasa ikilala leo huko, itakumbuka?"

"Ikiachwa, itakumbuka."

Mchana waliondoka. Moraa alikuwa amepakia mpaka kwenye vioo. Alinikumbatia, lakini na baba yake walikuwa bado wanaongea kwa adabu ya kupita kiasi, kama watu waliokutana ofisini. Nilimuuliza pembeni kama ametafuta tiketi. Akasema, "Baba ameniuliza kila siku. Nimemwambia tupite kwanza hiyo test." Sikupenda jibu lile. Usiku ule nilimfikiria mzee katika nyumba ya wageni, gari liko nje, baridi inashuka, spana iko mfukoni.

Jumamosi nilikuwa kazini, na simu niliiweka juu ya boksi la vifaa, jambo ambalo nyinyi nilikuwa nikiwakataza. Saa nne ikalia. Nilisikia kelele kwanza, Moraa anapiga vigelegele ndani ya gari, nikajua. "Imepita, Auntie! Imepita! Walichomeka, dakika mbili, karatasi!" Kisha akaanza kulia, kisha akasema, "Ngoja, Baba anataka simu."

"Mama Fundi," mzee akasema. "Niliwaambia wapime tena."

"Wapime tena nini, na imefaulu?"

"Nilitaka nione kwa macho yangu. Ile ya kwanza ilianguka kwa mkono wangu. Wakakataa, wakasema kuna foleni."

Nikacheka peke yangu kati ya magari. Nikataka kumuuliza habari ya tiketi, nikashindwa namna ya kuanza. Nikamuuliza tu, "Sasa mnaelekea wapi, mkapumzike?"

"Tupumzike?" Nilisikia karatasi zinafunuliwa, kubwa, kama ramani. Nyuma yake Moraa anauliza akunje wapi, kulia au mbele, na mzee anamwambia kulia, pale penye kanisa. "Jumatatu ako na wagonjwa wanne, na hajui barabara hata moja ya huku. Tunazipitia zote leo." Kisha akaniaga haraka, kama mtu mwenye shughuli. "Nitakupigia, Mama. Jumatatu tuko na kazi."